Kwa Shangazi Oman: mambo ya kujua kabla ya safari



Tangu turudi kutoka Oman mwaka 2024, watu hawajaacha kupita kwetu kuuliza. Wengine wana ndugu kule, wengine wana binti aliyeahidiwa kazi, wengine wanataka tu kusikia kama ni kweli kwamba kule kuna Waarabu wanaosema Kiswahili. Tumeeleza na kueleza mpaka sukari ya chai imetuishia, ndiyo maana tumeomba nafasi hapa tuandike mara moja. Sisi ni mume na mke. Tulikwenda wiki tatu kumwona shangazi aliyekuwa mgonjwa, ambaye ndiye aliyetulea baada ya baba kufariki. Hatukwenda kutafuta kazi, wala hatukwenda kuomba ukimbizi. Mtaona mbele kwa nini tunalisema hilo mapema.

Tuanze na hati, maana hapo ndipo watu wengi wanakwama. Mkimbizi hana pasipoti ya nchi yake, lakini anaweza kuomba hati ya kusafiria ya mkimbizi, ambayo hutolewa na serikali ya nchi inayomhifadhi kufuatana na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951. Ni kijitabu kama pasipoti. Mkataba unasema muda wake ni mwaka mmoja au miwili, na kwamba nchi iliyokitoa inajifunga kumpokea mwenye nacho akirudi kabla muda haujaisha. Sasa pigeni hesabu. Nchi nyingi, pamoja na Oman, hutaka hati iwe bado na miezi 6 mbele. Kwa hiyo hati ya mwaka mmoja, kwa kweli ni ya miezi 6 tu ya kuombea viza. Sisi ya kwanza ililala kwenye sanduku tukisubiri barua ya hospitali ya shangazi, na ilipofika barua, hati ilikuwa na miezi 4. Tukaanza upya. Jumla ilituchukua zaidi ya mwaka mzima, na shangazi kule alikuwa anauliza kila Jumapili kwenye simu, "Mko wapi sasa?"

Jambo la pili ambalo hatukulijua: Oman haikutia saini Mkataba huo wa 1951. Maana yake ni kwamba haikujifunga kumpokea mtu yeyote kama mkimbizi, na afisa wa viza anaweza kuikubali hati yetu au kuikataa. Viza huombwa kabla ya safari, kwa mtandao wa Polisi ya Oman, na kwa mtu kama sisi ni afadhali aombe mwenyeji aliye kule. Kwetu aliomba mtoto wa shangazi, kwa jina lake na kwa dhamana yake. Tukivunja sheria, anayeitwa polisi ni yeye. Ofisi moja ya tiketi mjini ilitusukuma tulipe tiketi kwanza, ati "viza itakuja tu." Tulilipa nusu, na nusu hiyo hatujaiona tena mpaka leo. Msinunue tiketi kabla viza haijatoka, hata mkiambiwa bei inapanda kesho.

Halafu kuna kibali cha kutoka kambini, hicho mnakijua. Tengenezeni nakala za kila kitu. Mtu mmoja akae na nakala nyumbani, mwingine asafiri nazo, na si katika begi moja na hati yenyewe. Chukueni pia kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Dawa mnazokunywa zibaki katika paketi zake na karatasi ya daktari. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadol zinaweza kumfikisha mtu mahabusu, na mirungi imekatazwa kabisa. Na mzigo wa mtu usimbebee, hata akiwa mchungaji, hata akisema ni unga wa muhogo wa kumpelekea mgonjwa. Tulikataa mizigo mitatu na tukaonekana wabaya.

Kutoka Dar es Salaam ndege inakwenda moja kwa moja mpaka Maskati, kama saa tano na zaidi kidogo. Ukifika, sogeza saa yako mbele saa moja, na kama bado unafuata saa ya Uvira au Bujumbura, ni saa mbili. Magari yanapita upande wa kulia kama kwetu Kongo, si kama Tanzania. Baada ya miaka yote hii ya kambi, tulisimama kwenye barabara ya Maskati tukiangalia upande usio, na dereva mmoja akatupigia honi mpaka tukaruka. Plagi za umeme ni zile zile za matundu matatu za Tanzania, chaji yako ya simu itaingia.

Kuhusu pesa tuseme polepole, kwa sababu hapo tulichekwa. Pesa yao ni riali, na riali moja ni kama dola 2 na senti 60 za Marekani. Riali moja inagawanyika katika baisa 1000, si 100. Kwa hiyo bei inaandikwa na tarakimu tatu baada ya nukta. Dukani mke aliona kitambaa kimeandikwa 2.500, akakirudisha haraka kama kimemuunguza. Sisi tulisoma elfu mbili na mia tano! Kumbe ni riali mbili na nusu. Isitoshe, sokoni Mutrah, ambako ni soko la zamani karibu na bandari, bei nyingine zimeandikwa kwa tarakimu za Kiarabu. Tano yao ni duara, inafanana na sifuri yetu. Sita yao inafanana na saba yetu. Sifuri yao ni nukta tu. Jifunzeni hizo kumi kabla ya kuondoka, kwa mtu anayejua kusoma Kurani hapa kambini haichukui hata jioni moja.

Lakini kwa sikio mambo ni mepesi, na hapo Kiswahili kinasaidia hata kwa Mwarabu asiyekijua. Sita, saba, tisa, ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, mia, yote hayo atakuelewa. Samaki, sukari, kahawa, safari, wakati, hesabu, atakuelewa. Ila kuna mtego mmoja mkubwa. Mtoto wa shangazi alitupatia miadi katika ofisi moja, akapigiwa simu na mtu wa pale, na simu ilikuwa na sauti kubwa tukasikia wenyewe, "saa tisa." Tukafurahi kwamba tumeelewa bila mkalimani. Siku hiyo yeye alikwenda kazini mapema, sisi tukapika, tukapumzika, tukafika saa tisa alasiri tumevaa vizuri. Milango imefungwa. Kumbe Mwarabu anahesabu saa kama Mzungu. Tisa yake ni saa tatu ya asubuhi yetu. Tulikuwa tumechelewa saa sita nzima. Ofisi za serikali kule zinafungwa mapema mchana, na kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mapumziko yao ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo tulisubiri mpaka Jumapili, viza ikiwa inahesabu siku. Ukipitisha siku za viza kuna faini ya kila siku, na anayeulizwa ni mwenyeji wako.

Kiswahili cha Oman kinatoka wapi? Watu wazima mnajua habari za Seyyid Said, Sultani wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja katika karne ya 19 na kufa mwaka 1856. Kutoka pwani misafara ilikwenda Tabora, Ujiji, ikavuka ziwa mpaka Kasongo na Nyangwe, kwa pembe na kwa watu. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 wengi wa asili ya Oman walikimbia, na Sultani Qaboos alipochukua nchi mwaka 1970 aliwaita warudi, maana alihitaji walimu, madaktari na makarani. Wakarudi na Kiswahili chao, na wengine walitoka Burundi, Rwanda na kwetu Kongo, wanasema na Kifaransa pia. Mume wa shangazi ni wa hao. Alizaliwa Uvira, akaenda Maskati na mke na watoto katika miaka ya 80. Kiswahili cha nyumba ile ni cha Unguja, na sisi tukisema "niko natafuta maji" au "iko wapi mutoto," wajukuu wanaanguka kwa kicheko.

Bibi yetu ana umri mkubwa, na amezaliwa upande wa Kasongo. Tulipomwaga alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Kule ndiko walipelekwa wale." Hatukumjibu kitu. Basi siku moja, nje ya nyumba ya shangazi huko Seeb, mzee mmoja jirani mwenye kanzu nyeupe na kofia ya kushonwa kama ya Unguja alituita tukanywe kahawa. Kahawa yao ni chungu, ina hiliki, inaletwa katika kikombe kidogo na tende pembeni, na usipotikisa kikombe wataendelea kukumiminia mpaka usiku. Yule mzee ni mweusi kama sisi. Alituuliza tumetoka wapi, tukamwambia Kongo. Akasema mama wa bibi yake alikuwa Mmanyema. Akatuuliza kama tunajua kijiji gani. Alituuliza sisi! Tukamwambia Maniema ni mkoa mkubwa, mzee wetu. Akasema, ndiyo, hata yeye alidhani hivyo. Tukaendelea kunywa kahawa.

Mambo ya heshima si magumu kwa mtu aliyelelewa vizuri. Salimia kwa salamu alekum, hata kama wewe si Mwislamu. Sisi si Waislamu na hakuna aliyetubughudhi. Mwanamume asimpe mkono mwanamke ila mwanamke aanze. Kula kwa mkono wa kulia. Mabega na magoti yafunikwe, wanawake na wanaume. Vitenge vya mke vilisifiwa njia nzima. Usipige picha ya mwanamke, ya polisi wala ya kambi ya jeshi. Usitukane barabarani, hata dereva akikukosea, kwa sababu tusi linaweza kufikishwa polisi. Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, asiye Mwislamu anaruhusiwa kuingia asubuhi isipokuwa Ijumaa, na mwanamke afunike nywele. Ni mahali pa kuona. Tulitembea mle bila kusema neno.

Katikati ya mwezi wa tatu Ramadhani ikaanza. Kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani mchana wa Ramadhani ni kosa la sheria kwa kila mtu, pamoja na mgeni. Tulijifunza kunywa maji chumbani. Jioni lakini, eh, mlango wa shangazi haufungwi! Sambusa, halua, mandazi yale yale ya kwetu, mishkaki, na watoto wa jirani wanaleta sahani na kuchukua sahani. Mkiweza kuchagua majira, nendeni kati ya mwezi wa kumi na moja na wa tatu. Kuanzia mwezi wa tano joto la Maskati linapita digrii 40, mtu wa milimani kama Minembwe hatalivumilia.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu.

Kabla ya kuondoka, mama mmoja alitupa namba ya simu iliyoandikwa kwenye kipande cha mfuko wa unga. Binti yake alikwenda Oman kufanya kazi za nyumbani, na kwa miezi minne alikuwa hajapiga. Shangazi ndiye aliyemtafuta. Alipiga mara nyingi, mwisho akapokea bibi mwenye nyumba, na shangazi akasema naye Kiarabu kwa upole sana, akimwita dada yangu. Ijumaa moja alasiri yule bibi alimleta binti mwenyewe kwa gari, kutoka mji ulio njia ya Sohar, akakaa pamoja nasi, akanywa kahawa. Alikuwa na adabu. Hasikii Kiswahili.

Binti alitueleza huku anakata tende na kuzipanga, asionekane analalamika. Hapigwi. Mshahara unakuja, ila unachelewa. Analala saa sita za usiku na kuamka saa kumi na moja, na hana siku ya mapumziko. Simu anapewa mara moja moja. Pasipoti anayo mwajiri. Serikali ya Oman ilikataza waajiri kushika pasipoti za wafanyakazi kwa waraka wa mwaka 2006, lakini shirika la Human Rights Watch, lilipotoa ripoti yake ya mwaka 2017 kuhusu wanawake wa Tanzania wanaofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu, lilieleza jambo hilo hilo likitendeka bado. Viza ya kazi inamfunga mtu na mwajiri mmoja, ambaye wanamwita kafili. Ukitoka katika nyumba yake bila ruhusa, unaweza kushtakiwa kwamba umetoroka.

Hayo tulikuwa tumeyasikia. Tusilolijua ni hili: jina lililo katika ile pasipoti si lake. Wakala aliyemchukua alimtengenezea pasipoti ya nchi nyingine, jina lingine, na umri umeongezwa miaka minne. Yeye aliona ni bahati, maana hati ya mkimbizi ingechukua mwaka kama ilivyotuchukua sisi. Sasa akitaka msaada, aende ubalozi gani? Ubalozi wa ile pasipoti utamuuliza kijiji chake na chifu wake, na hajawahi kufika. Akisema jina lake la kweli, amekiri kwamba aliingia kwa hati ya uongo. Mkataba wa wakimbizi kule haupo. Na huku kambini, uhakiki ulipopita hakuwepo, jina lake likatolewa kwenye kadi ya posho ya mama yake.

Tulimuuliza kama anataka tufanye kitu. Alifikiri. Akasema tuseme huku, kwa ofisi inayohusika na ulinzi, jina lake la kweli na tarehe aliyoondoka, ili kuwe na mahali palipoandikwa kwamba yupo. Kwa mama yake tuseme anakula vizuri. Akaturuhusu kuandika habari yake hapa bila jina, na mama yake naye, tulipomweleza yote, akasema tuandike. Tulikwenda ofisini wiki ile ile tuliyorudi. Wamesikiliza, wameandika. Mengine hatuyaandiki.

Kwa hiyo wazazi, akija mtu na habari za kazi Uarabuni, msimuulize mshahara kwanza. Mwombeni awaonyeshe viza, na mtafute mtu wa kuisoma: ni ya kazi au ni ya kutembea? Viza ya kutembea si ya kazi, hata akiapa. Ulizeni pasipoti itakuwa ya nchi gani na kwa jina la nani. Akisema "jina ni kitu kidogo," mfukuzeni. Ulizeni mkataba, uwe na jina na mji wa mwajiri, na nakala ibaki nyumbani kwenu. Binti ajue kwa kichwa namba moja ya simu ya nyumbani, maana simu inaweza kuchukuliwa, na ajue namba 9999, ambayo ni ya polisi ya Oman. Na kabla hajaondoka, afike ofisini kambini aeleze. Tunajua watu wanaogopa kupoteza posho ndio maana wanaondoka kimya. Posho ya yule mama ilipungua hivyo hivyo.

Tuliuliza pia nyumbani kwa shangazi kama ndugu za mumewe wote walipata uraia. Akatuambia hapana, yupo mdogo wake aliyebaki Bujumbura mpaka sasa, hana karatasi za Oman wala za Burundi. Huko wapo watu wengi wa asili ya Oman wa namna hiyo, UNHCR inawahesabu miongoni mwa wasio na uraia. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja ana nyumba Seeb, mwingine hawezi hata kuja kumzika akifa. Shangazi alilisema hilo akiwa analala, amegeukia ukutani, tukazima taa.

Alikuwa amepata nafuu tulipoondoka. Bado anatembea na fimbo.

Siku ya kuondoka fikeni uwanjani saa tatu kabla ya ndege. Hati yetu iliwashangaza maafisa, wakaitana watatu kuitazama, na tulikaa kwenye benchi karibu saa nzima. Msikasirike, toeni barua ya mwaliko na nakala ya viza, nyamazeni. Dar es Salaam, afisa alihesabu tarehe za hati, akatugongea muhuri bila neno.

Yule binti alitupa riali 20 na kifuko cha ubani kwa mama yake. Riali badilisheni Dar, sisi tulizileta mpaka Kigoma na Kasulu hatukupata wa kuzipokea. Tulimpa mama zikiwa vile vile. Anasubiri mtu anayekwenda Dar. Ubani amechoma kidogo, na mwingine ameuweka.